Mwenyekiti wa Leseni Zilizokwisha

Watu wa milima ya Kilungu waliomfahamu watakuambia kwamba Mwenyekiti alikuwa mtu safi. Ni kweli, na ninaanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichukiza zaidi. Kama angekuwa mla rushwa ningemsahau. Wala rushwa tumewaona wengi, wamekufa, tumewazika, tumerudi kulima. Huyu hakula cha mtu. Wakati mmoja mzee kutoka ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, alimwachia mtungi wa asali mlangoni asubuhi na mapema, akaondoka bila kupiga hodi. Mwenyekiti aliubeba ule mtungi kwa mikono miwili, akashuka nao mlima wote hadi barabarani, akamkuta yule mzee amekaa juu ya jiwe akingoja gari.

"Mzee, umesahau mzigo wako," alimwambia mbele ya watu.

Yule mzee aliupokea bila kuinua macho. Wiki iliyofuata rufaa yake ya leseni ya bunduki, iliyokuwa mbele ya kamati ya Mwenyekiti, ilitupwa. Asali ilirudi kwa mwenyewe, bunduki haikurudi, na Jumapili kanisani tulihubiriwa habari ya asali.

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliwahi kuongoza kamati ya shule, ya maji, ya ujenzi wa kanisa na ya kwaya, na mkewe mwenyewe alimwita Mwenyekiti hata alipomwambia kwamba muthokoi wa mahindi umeiva. Alikuwa mrefu, mkavu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni hata jua likiwa kali. Alitembea katikati ya njia. Ukikutana naye kwenye kijia cha mlimani, wewe ndiye uliyepanda ukingoni, uwe na maji mgongoni au usiwe nayo. Halafu akishakupita alikushukuru vizuri, akakuuliza habari za watoto wako, mmoja mmoja, kwa majina. Majina ya watoto hakuyasahau kamwe.

Mimi alinifundisha kusoma. Sikwenda mbali na shule, lakini hicho kidogo nilicho nacho nilikipata kwake, na siwezi kusema hakuwa mwalimu mzuri. Walimu wengine wa siku zile walitupiga kama punda. Yeye alieleza jambo, akaona hujaelewa, akalieleza tena kwa njia nyingine. Ila alikuwa na desturi moja ya kusahihisha ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Jibu sahihi alilitia vema. Jibu baya alilikata kwa wino mwekundu, na juu ya hapo akakupunguzia alama uliyokwisha kuipata mahali pengine. Nafasi uliyoiacha wazi hakuigusa.

"Kama huna hakika, acha wazi," alitufundisha. "Nafasi wazi si kosa."

Tulijifunza haraka. Kulikuwa na watoto waliotoka darasani na karatasi karibu nyeupe, wakapewa pole kwa upole, na wengine waliojaribu wakakosea, wakachekwa hadi nyumbani. Wakati ule niliona ni haki kabisa, maana nilikuwa mwoga na nilifaidika.

Nilipokuwa mtu mzima nilishuka Sultan Hamud nikafungua hoteli ndogo karibu na reli, chai na mandazi, maharagwe na chapati. Yeye alikuwa amestaafu ualimu, na serikali ilikuwa imempa kiti katika kamati ya rufaa za leseni za bunduki, iliyosikiliza mambo ya watu wa Kitui na wa upande wetu, kabla Makueni haijawa wilaya. Kamati ilikaa katika ukumbi nyuma ya soko. Yeye ndiye aliyetaka chai yao itoke kwangu.

"Ni mwanafunzi wangu," aliwaambia wenzake, "na anaosha vikombe."

Kwa hiyo nilikuwa nikiingia na kutoka na birika wakati wa vikao, na ninayoyasema juu ya kamati ile niliyasikia kwa masikio yangu.

Lazima nieleze ilivyofanya kazi, kwa sababu ukisikia bila maelezo utadhani natia chumvi. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji, na bunduki za watu wa kawaida zikaanza kuangaliwa kwa jicho lingine. Leseni ilikuwa ya mwaka. Mwezi wa kwanza unakwenda kwa afisa wa polisi kuomba upya. Akikataa, bunduki yako inawekwa katika ghala la silaha la polisi, na wewe unapeleka rufaa kwa kamati. Kamati ilikaa mara moja kwa mwaka, na tarehe iliwekwa na Mwenyekiti. Yeye aliiweka mwezi wa kwanza wa mwaka unaofuata, baada ya sikukuu. Basi mtu aliyenyimwa leseni mwaka huu anaitwa mwakani, anasimama mbele ya wazee, anaambiwa kwamba leseni anayoililia ilikuwa ya mwaka uliopita. Mwaka huo umekwisha. Hata wakikubaliana naye, watampa nini? Aende akaombe ya mwaka mpya. Anaomba, anakataliwa na afisa yule yule kwa sababu ile ile, anapeleka rufaa, na anaitwa mwaka mwingine.

Mjumbe mmoja, kijana kuliko wenzake, aliwahi kuuliza kwa nini wasikae mwezi wa saba.

"Mwezi wa saba watu wanavuna mbaazi," Mwenyekiti alimjibu.

"Basi wa tisa."

"Wa tisa wanatayarisha mashamba."

Yule kijana alicheka, halafu akaona kwamba amecheka peke yake. Wenzake walipotoka nje kujinyoosha, Mwenyekiti alimwekea mkono begani kama baba. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe.

"Sikiliza, nikufundishe kazi," alimwambia. "Ukiamua jambo, Nairobi wanaweza kukugeuza. Ukisema hakuna cha kuamua, watageuza nini? Mimi tangu nikalie kiti hiki hawajanigeuza hata mara moja." Kisha akachukua andazi lingine, akalipuliza kana kwamba lilikuwa la moto.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Alikuwa mtu ambaye hakuweza kustahimili kalamu nyekundu ya mwingine juu ya kazi yake. Hakuna zaidi ya hilo. Watu wamejaribu kumtafutia sababu kubwa, kwamba polisi walimtisha, kwamba kulikuwa na wakubwa nyuma yake. Sikuona mkubwa wala tisho.

Na si kwamba aliogopa macho ya watu. Mkewe alipopooza upande mmoja, yeye ndiye aliyemwogesha. Alifua nguo za mkewe, hata zile ambazo mwanamume wa kwetu hagusi, akazianika kwenye ua kando ya njia ambapo kila mtu alipita. Vijana walimcheka. Wazee wenzake walimwambia amtafute msichana wa kazi.

"Aliyemwoa ni mimi, si msichana wa kazi," aliwajibu.

Mwaka hadi mwaka alifanya hivyo, nguo nyeupe safi, zimenyoshwa. Nilipita pale mara nyingi nikaona, na nilimpenda kwa hilo, na nikisema leo kwamba simpendi lazima niseme na hili pia. Moyo alikuwa nao. Aliuweka mahali alipotaka yeye.

Waliokuja mbele ya kamati walikuwa watu wa kila namna. Namkumbuka mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Mwislamu, ambaye familia yake ilitoka kaskazini mashariki ikahamia Mwingi. Alikuwa na bunduki ya kulinda mifugo njiani, akanyimwa leseni kwa sababu ambayo hakuwahi kuelezwa vizuri. Aliingia amevaa kikoi safi na koti juu yake, akamsalimu kila mjumbe kwa mkono.

"Mwenyekiti, mimi mtu ya ng'ombe, sijui vitabu," alisema. "Nieleze polepole. Rufaa nimeleta mwezi wa tatu. Wewe umeniita mwezi wa kwanza, mwaka ingine. Sasa nani amechelewa, mimi ama wewe?"

"Kalenda sitengenezi mimi, ndugu yangu."

"Na tarehe ya mkutano nani anatengeneza? Huyu mama wa chai?"

Walicheka wote, na Mwenyekiti akacheka kuliko wote, machozi yakamtoka. Alipenda mzaha usioweza kumdhuru. Alipomaliza kufuta macho alisema kwa sauti ile ile ya uchangamfu, "Leseni yako imekwisha, rafiki yangu. Hakuna kitu mbele yetu."

Yule mtu alikuja hotelini kwangu baadaye, akanywa chai yenye sukari nyingi. Kisha akaniambia, "Mama, huyu mzee yenu si mtu mbaya. Mtu mbaya unaweza kuongea na yeye, mkaelewana. Huyu ni ukuta imepakwa rangi."

Nilicheka. Sikujua bado kwamba zamu ya kwetu inakuja.

Kaka yangu alikuwa amehama milimani miaka ya sitini, mashamba yalipokwisha kugawanywa hadi yakawa kama vitambaa. Alivuka Athi akaenda kusini mwa Kitui, karibu na mpaka wa mbuga ya wanyama, akafyeka msitu, akapanda mtama na ndengu. Ndovu walikuja kila mazao yalipokaribia kukomaa. Chifu wa huko alimwombea bunduki ya marisau, ya mtutu mmoja, na kwa miaka mingi aliiweka vizuri na kulipia leseni bila neno. Halafu mzoga wa ndovu asiye na pembe ulionekana kichakani, mwendo mfupi kutoka shambani kwake. Kaka yangu ndiye aliyeuona kwanza, akaenda kwa chifu, wakaenda wote wawili kwa askari wa wanyama kutoa habari. Mwaka uliofuata alipokwenda kuomba leseni alinyimwa, na sababu iliyoandikwa ni kwamba anashukiwa kushirikiana na majangili.

Basi akaja mbele ya Mwenyekiti, ambaye alimfundisha katekisimu pale kanisani Kilungu, na ambaye alijua jina la kila mtoto wake. Nilisimama karibu na mlango na birika langu. Sikutoka.

"Marisau yanaua ndovu?" mjumbe mmoja alimwuliza.

"Hapana, mzee. Yanamkuna tu."

"Sasa bunduki unaitakia nini?"

"Mlio. Napiga juu, anaenda zake. Mimi sitaki kuua kitu, wazee wangu. Nataka mlio."

"Kama ni mlio," Mwenyekiti alisema, "kwaya yetu ina ngoma. Nitakuazima."

Walicheka. Kaka yangu naye alitabasamu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu.

"Ngoma ndovu amezoea, Mwenyekiti. Ukipiga anacheza."

Hapo kicheko kikawa cha kweli, na kwa muda mfupi niliona nyuso za wale wazee zimelegea, nikafikiri watamsikiliza. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Tuache mzaha. Leseni hii ilikuwa ya mwaka uliopita. Imekwisha. Hakuna kitu mbele yetu."

"Na hiyo neno wameandika, ya kwamba mimi na majangili? Nayo imekwisha?"

"Hiyo ilikuwa sababu ya kunyimwa leseni. Leseni haipo. Tutajadili vipi sababu ya kitu ambacho hakipo?"

"Lakini chifu anajua. Muite tu, atawaambia nani alipeleka habari."

"Omba upya, ndugu yangu. Omba upya, na Mungu akubariki."

Alikuja jikoni kwangu, akakaa juu ya gunia la makaa. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo, mikono imelegea kati ya magoti.

"Dada, bunduki wakae nayo," aliniambia. "Ndovu nitawafukuza na debe. Lakini hiyo neno nitaishi nayo aje? Ukiwa mtu ya majangili, hata mtoto wako nani atamchukua?"

Aliomba upya. Alikataliwa kwa maneno yale yale, akapeleka rufaa mapema zaidi akidhani kwamba labda mara ya kwanza alichelewa. Alipeleka mwezi wa pili. Nilijua haitasaidia, na nilimwambia, lakini alikuwa mtu anayeamini kwamba ukiwahi unapewa. Aliitwa mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata. Safari hiyo hakukuwa na mzaha wa ngoma. Mwenyekiti alisema yale yale, kwa upole ule ule, akamwuliza habari za mtoto wake wa mwisho aliyekuwa na kikohozi.

Ndovu alimwua kaka yangu mwaka huo, asubuhi, jua limeshatoka. Mkewe aliniambia kwamba alikuwa anapiga debe pembeni ya shamba la mtama kama kawaida, na ndovu wengine walikwishaanza kuondoka. Mmoja aligeuka. Mkewe alisikia debe linapigwa, linapigwa, halafu hakulisikia tena. Sitaeleza nilichokikuta nilipofika. Niliosha kilichoweza kuoshwa.

Kanisa letu la Kilungu ndilo lililomlea, kwa hiyo wazee wa kanisa walishuka kuja kuzika, na Mwenyekiti alikuwa kati yao. Njiani neno lile la majangili lilikuwa limewatangulia. Mchungaji alifupisha ibada. Kwaya iliyokuja haikuimba, iliambiwa isubiri, na ikasubiri mpaka tukafukia. Nilimwuliza mzee mmoja kwa nini.

"Mama, unajua mambo ya huyu ndugu na polisi," alinijibu kwa sauti ya chini. "Kanisa haliwezi kuonekana linaimbia mtu wa namna hiyo."

Mwenyekiti alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti chenye mgongo. Neno moja kutoka kwake lingetosha. Alipopewa nafasi ya kusema alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatuhimiza kuwa na subira katika majaribu. Alisema vizuri. Kuna waliolia.

Baadaye wazee wa ukoo wa kijana mmoja walikuja kwa wifi yangu kwa ajili ya msichana wake mkubwa. Mbuzi wa mahari walikuwa wameshatajwa. Walikaa, wakala, na mkubwa wao akauliza kama ni kweli yaliyosemwa na polisi juu ya baba wa msichana. Wifi yangu alisema si kweli. Akaulizwa kama kuna mahali popote serikali imesema si kweli. Hakukuwa na mahali. Wakashukuru kwa chakula, wakaondoka, na mbuzi hawakuja.

Ndipo nilipoamua kwenda mbele ya kamati mimi mwenyewe. Siku hiyo niliingia bila birika. Nilivaa nguo ya kanisani. Kabla ya kufa kaka yangu alikuwa amepeleka rufaa nyingine, na ilikuwa bado haijafutwa, na nilisimama mahali aliposimama yeye.

"Mwanafunzi wangu," Mwenyekiti alisema, "leo umekuja kama nani?"

"Kama dada yake."

"Pole sana kwa msiba. Unataka nini kwa kamati?"

"Sitaki bunduki. Nataka mumwite chifu, mumwulize swali moja, halafu mseme kama lile neno ni kweli au ni uongo. Mkisema ni kweli nitakwenda nalo nyumbani. Mkisema ni uongo, nitakwenda nalo kwa watoto wake."

Yule mjumbe kijana aliinua kichwa. "Mwenyekiti, hiyo haichukui hata nusu saa," alisema. "Chifu yuko hapo sokoni, nimemwona."

Mwenyekiti hakumtazama. Alinitazama mimi, na uso wake ulikuwa na huruma kabisa, huruma ile ya mtu anayekuambia kwamba duka limefungwa.

"Leseni imekwisha," alisema. "Na mwenye leseni, Mungu amlaze mahali pema, naye amekwisha. Hakuna kitu mbele yetu."

Alisema hivyo mbele yangu. Kisha akageuza ukurasa, akauliza kama chai iko tayari. Nilitoka nikaenda hotelini, nikamwaga maji niliyokuwa nimebandika, nikafunga mlango na kufuli. Hawakunywa chai siku hiyo, wala siku nyingine yoyote kwangu.

Tuliendelea kuishi mlima mmoja. Niliuza hoteli nikarudi kulima. Nilimwona kanisani, nilimwona akianika nguo za mkewe mpaka mkewe alipofariki, nilimpisha njiani. Wilaya mpya ikaja, kamati ile ikavunjwa, na watu wakamfanyia sherehe, wakasema katika miaka yake yote hakuna uamuzi wake hata mmoja uliowahi kugeuzwa. Walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na mikono yangu chini ya leso.

Miaka ya tisini ilikuwa imekwenda kidogo alipougua. Mkwe wake alikuja kwangu akaniambia mzee anaita watu, mmoja mmoja, na ametaja jina langu. Nilichukua mapapai mawili nikaenda. Barazani palikuwa na watu wa kanisa wengi, wanaimba polepole, na wanawake wanagawa chai. Mchungaji alikuwa amekaa mlangoni. Niliingizwa chumbani, mlango ukaachwa wazi nusu kwa ajili ya hewa.

Alikuwa safi hata kitandani. Shuka limenyoshwa, kucha zimekatwa.

"Mwanafunzi wangu. Kaa."

"Nimekaa, Mwalimu."

"Nataka kuondoka nikiwa msafi."

"Watu wanasema umekuwa msafi siku zote."

"Usinidhihaki, mama." Alinyosha shuka kwa kiganja. "Kaka yako hakuwa jangili."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo kwa miaka, na nilifikiri ikija nitalia. Nilimwuliza tu, "Ulijua lini?"

"Kabla hajasimama mbele yetu mara ya kwanza. Chifu alikuja hapa, akaniambia, yule mtu ndiye aliyeleta habari ya mzoga, tulikwenda wote kwa askari."

"Na hukumwita."

"Ningemwita, ningelazimika kuamua."

Alisema bila kuzunguka. Nilimtazama mtu huyu ambaye alinishika mkono kunifundisha herufi. Angekuwa amesema aliogopa polisi, angekuwa amesema alihongwa, ningepata kitu cha kushika.

"Nisamehe," alisema. "Mchungaji yuko hapo nje. Nataka asikie umenisamehe."

"Nitasema mbele yake. Na wewe useme mbele yake haya uliyoniambia."

Alifumba macho. "Hayo ni ya mimi na wewe na Mungu."

"Neno juu ya kaka yangu halikuwa la mimi na wewe. Lilisomwa ukumbini. Kwaya ilinyamaza kwa ajili yake. Msichana wake alikaa nyumbani kwa ajili yake. Sema, Mwalimu. Ni maneno matatu, hakuwa mtu mbaya."

Mchungaji alisikia sauti yangu imepanda, akachungulia. "Mmemaliza, wazazi wangu?"

Nilingoja. Mwenyekiti alifumbua macho, akamtazama mchungaji, akatabasamu vizuri.

"Tumemaliza," alisema. "Tulikuwa tunakumbushana mambo ya shule."

Akaninyoshea mkono. Sikuupokea. Nilisimama, nikapita kando ya mchungaji, nikatoka barazani.

"Jamani, nisikilizeni," niliwaambia. Wimbo ulikatika. "Mwenyekiti ameniambia sasa hivi kwamba kaka yangu hakuwa jangili. Amesema alijua tangu mwanzo. Chifu alimwambia humu ndani ya nyumba hii."

Kulikuwa na wazee pale waliokuwa makaburini siku ile, na mwanamke mmoja wa kwaya iliyoambiwa isubiri. Huyo ndiye aliyejibu.

"Mama, mzee ni mgonjwa. Mgonjwa husema mengi."

"Ana akili zake zote. Mlango uko wazi. Ingieni mmuulize."

Walitazama mlango. Mmoja wa wazee alishika kofia yake, akaiweka tena juu ya goti. Mtu fulani alinisukumia kiti, sikukikalia. Nilisimama pale katikati ya baraza hadi chai katika vikombe vyao ikafanya utando, na hakuna aliyeinuka. Kisha mmoja, kwa sauti ya chini, akaanzisha wimbo kutoka pale walipokuwa wameuachia, na wengine wakaupokea.